Nyota ya babu ndani ya kopo la majani ya chai



Wiki hii nilikusudia kuandika kuhusu sare za shule na bei zake. Mada hiyo nimeiweka pembeni, kwa sababu Jumanne saa nne asubuhi simu yangu iliita, na aliyepiga alikuwa mwalimu wa darasa la mwanangu.

“Mama, tunaomba ufike shuleni. Mtoto mzima, usiogope. Ila amemuumiza mwenzake.”

Ukiambiwa usiogope ndipo unapoogopa. Nilifunga biashara yangu, nikapanda bodaboda. Nilimkuta kijana wangu, darasa la tano, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, anatazama viatu vyake. Mwenzake alikuwa ameshikilia kitambaa mdomoni. Jino la mbele lilikuwa limevunjika nusu.

Walikuwa wakibishana nani ana shujaa nyumbani kwao. Mwenzake alisema baba yake ni mwanajeshi, yuko nje ya nchi analinda amani. Wa kwangu akajibu kwamba hiyo si kitu, babu wa mama yake alipewa medali na Mfalme wa Uingereza kwa sababu aliua Wajapani arobaini huko Burma. Mwenzake akacheka, akamwita mwongo. Wa kwangu akaokota jiwe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilichapwa na aibu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya jino. Ya pili ni kwamba ile hadithi ya Wajapani arobaini nilimsimulia mimi.

Kopo lenyewe

Babu yangu mzaa baba alifariki nikiwa darasa la tatu, nyumbani kwetu upande wa Mugumu, wilayani Serengeti. Aliacha vitu vichache: kigoda, fimbo, koti zito la rangi ya majani makavu, na kopo la bati la majani ya chai. Ndani ya kopo kulikuwa na nyota ya shaba yenye pembe sita, na kipande cha utepe wenye rangi ya bluu nzito, chungwa na nyekundu.

Baba yangu alipofariki kopo lilikuja kwangu, na hadithi yake ikaja nalo. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma, akaua Wajapani arobaini, akapewa nyota. Nilisimuliwa hivyo, nami nikasimulia hivyo, taa ikiwa imezimwa na mtoto amejifunika shuka hadi puani. Wewe mzazi unajua utamu wa hadithi kama hiyo. Mtoto anakuomba uirudie, na kila ukiirudia unaongeza chumvi kidogo.

Jioni ya Jumanne ile nilitoa kopo nikaenda nalo kwa jirani yetu, mzee mmoja mstaafu wa JWTZ aliyepigana Vita vya Kagera. Nilitaka anithibitishie, nipate cha kumjibu mwalimu. Alivaa miwani, akaigeuza nyota mbele na nyuma, akanirudishia polepole.

“Mwanangu, hii si nishani ya ushujaa.”

Akanieleza. Nyota ile inaitwa Nyota ya Burma, na jina hilo limeandikwa palepale kwenye duara lake, kwa Kiingereza. Walipewa wanajeshi waliotumikia kwenye vita vya Burma kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Mpishi aliyefika uwanja wa vita alistahili, dereva alistahili, aliyepiga risasi na asiyepiga wote walistahili. Nyuma haina jina la mtu. Nishani ya ushujaa ambayo askari wa vyeo vya chini waliweza kupewa na Waingereza wakati ule ni nyingine. Ni ya fedha, ina sura ya mfalme upande mmoja, na upande wa pili maneno yanayosema imetolewa kwa ushujaa uwanjani. Ukingoni mwake huchongwa namba na jina la askari mwenyewe.

“Hii ni ya kwenda,” akasema mzee. “Na kwenda si kitu kidogo. Lakini usimwambie mtoto ni ya kuua arobaini.”

Safari ya Mugumu

Baba watoto alishauri tuliache jambo lilivyo. “Usimvunje mtoto. Kila ukoo una hadithi yake.” Sikumlaumu. Huku kwetu mwanamume hujengwa kwa hadithi za namna hiyo tangu ananyonya. Lakini usiku sikulala. Mtoto wangu alikuwa amevunja jino la mtu kwa ajili ya maneno yangu.

Jumamosi nilimchukua tukapanda gari la Mugumu. Tulipita Nyamwaga, tukapita Nyamongo na vile vilima vya mawe ya mgodi, tukavuka Mto Mara. Njia nzima hakusema. Nami sikumlazimisha.

Baba mdogo ndiye kitinda mimba wa babu, na ndiye pekee aliyebaki. Tulimkuta chini ya mwembe. Tukamwamkia, tukaletewa maziwa ya mgando, tukanywa. Kisha nikaweka kopo mbele yake nikamwuliza waziwazi: babu aliua watu wangapi?

Alicheka kwanza. Halafu akanyamaza kwa muda mrefu.

“Binti yangu, sijui kama aliua hata mmoja. Mimi nililala nyumba moja na mzee yule hadi nilipooa. Hakuwahi kutamka neno hilo. Hiyo ya arobaini ilikuwa ya mdogo wake, kwenye pombe. Na huyo mdogo wake hakuvuka hata Ziwa Victoria.”

“Sasa babu alisimulia nini?”

“Matope.”

Mwanangu akainua kichwa.

Baba mdogo akasimulia alichosikia kwa baba yake. Kwamba mvua ya huko hainyeshi, inamwagika. Kwamba magari yalizama hadi kwenye bodi, na wao wakakata magogo, wakayatandika barabarani moja baada ya jingine, ili magari na mizinga ipite. Kwamba usiku walilala ndani ya maji. Kwamba homa ilibeba watu wengi kuliko risasi, yeye alivyoona. Na kwamba walibebana. Hilo la kubebana alilirudia mara nyingi: mwenzako akianguka kwa homa, mnakata miti miwili, mnafunga blanketi, mnambeba kupanda mlima, mnarudi kumchukua mwingine.

Nilichosoma baadaye kinakubaliana na maneno yale. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya msimu wa mvua kubwa. Bonde lile lilisifika kwa malaria na homa nyingine kali. Walisonga hivyohivyo kwenye matope, wakapigana njiani, hadi wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba.

Kisha baba mdogo akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

“Unajua kwamba mzee hakuwahi kupanda mtumbwi wala kivuko? Ilibidi aende msiba ng'ambo ya ghuba, Mwanza kule. Watu wakavuka kwa maji, yeye akazunguka kwa barabara siku mbili. Watu wakamcheka, mwanajeshi mzima anaogopa maji. Hakuwajibu. Mimi aliniambia siku moja tu: kuna meli iliondoka Mombasa ikiwa na vijana wenzetu, haikufika.”

Meli ile ilikuwepo. Iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, Sri Lanka ya leo. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Vijana wa huku kwetu, waliojifunza kuogelea mtoni au hawakujifunza kabisa.

Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, nikiwa mtoto, nilimcheka babu kwa kuogopa maji.

“Kwa hiyo hakuwa shujaa?”

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, kijana wangu aliuliza swali nililokuwa naliogopa tangu Jumanne.

“Mama, kwa hiyo babu hakuwa shujaa?”

Nilitaka kujibu haraka, tunavyojibu wazazi. Nikajizuia. Nikamwambia kwanza jambo lililonihusu mimi: “Mimi nilikudanganya. Sikujua kwamba nakudanganya, lakini sikuuliza pia. Nisamehe.”

Akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ngeni. Hatuwaombi watoto wetu msamaha mara nyingi, mzazi mwenzangu. Tufikirie hilo.

Kisha nikamsimulia kisa alichonipa yule mzee jirani kabla sijaondoka kwake. “Kama unataka kumwonyesha mtoto ushujaa uliopewa nishani,” aliniambia, “msimulie yule kijana wa Malawi. Maana yule alimfia Mtanzania.”

Kisa hicho si cha zamani. Ni cha Novemba 14, 2018, mashariki mwa Kongo, karibu na Beni. Huko kulikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Walikuwa wakipambana na waasi wa ADF, ambao walikuwa wameua raia wengi wa eneo lile. Tanzania ilikwishaonja uchungu wa huko: Desemba 7 ya mwaka uliotangulia kambi ya Semuliki ilishambuliwa usiku, na vijana wetu 14 wakatangazwa kuuawa. Wengi wetu tunakumbuka majeneza yale yalipofika Dar es Salaam.

Siku hiyo ya Novemba risasi zilikuwa nyingi na askari wakalazimika kurudi nyuma. Koplo mmoja wa Tanzania alikuwa amejeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, amelala mahali pa wazi. Askari wa kawaida wa Malawi, Private Chancy Chitete, alimwona. Hawakuwa wa nchi moja wala wa kikosi kimoja. Chitete alirudi kwenye risasi, akamburuta yule koplo hadi mahali penye kinga, akamhudumia majeraha yake. Katika kufanya hivyo alipigwa risasi yeye. Akafa. Mtanzania akaishi.

Mwanangu aliuliza, “Kwa nini hakukimbia?”

Nikamwambia sijui. Labda aliogopa kama mtu yeyote, na akaenda akiwa anaogopa.

Umoja wa Mataifa una nishani moja ya ujasiri wa kipekee, na haitolewi ovyo. Imepewa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Huyu alikuwa mwangalizi wa kijeshi nchini Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na gari, na ulimi wa kuongea na watu. Aliwaficha Watutsi ndani ya gari wachache wachache, akawapitisha kwenye vizuizi vya wauaji kwa mzaha, kwa sigara, kwa kubembeleza, kisha akarudi kuchukua wengine. Aliokoa mamia. Mei 31, 1994 alikuwa kwenye kizuizi mjini Kigali, kombora likaanguka karibu na gari lake, akafa.

Nishani yenye jina lake ilianzishwa na Baraza la Usalama mwaka 2014. Ya kwanza ilikabidhiwa familia yake mwaka 2016. Iliyofuata ilikuwa ya Chancy Chitete. Mei 24, 2019, mjini New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi. Aliyesimama kuipokea ni mjane wake.

Hapo kijana wangu alinyamaza kabisa. Gari lilikuwa limefika, watu wanapanda, yeye bado amesimama.

“Kwa hiyo wote wawili hawakupewa kwa kuua.”

“Hapana. Walipewa kwa kurudi kumchukua mtu.”

“Kama babu, na blanketi.”

Sikumjibu. Nilimshika bega tukapanda gari.

Nyumba ya mwenye jino

Jumapili tulikwenda kwa yule mwenzake. Nilikuwa nimekwisha kulipia matibabu ya jino, lakini pesa haimalizi jambo. Mlango ulifunguliwa na mama wa mtoto. Kijana wangu alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya kusema njia nzima. Alipofika mlangoni yakapotea yote, magoti yakamtetemeka, nami nikajizuia kumsemea. Hatimaye yakatoka.

“Shikamoo mama. Nilimpiga kwa sababu ya uwongo. Babu yangu hakuua watu arobaini. Naomba msamaha.”

Mama yule alinitazama mimi, kisha akamtazama mtoto. Akatukaribisha, akatuwekea chai. Katika mazungumzo akasema mumewe ni kweli yuko nje, kulinda amani. Mwezi wa saba sasa. Simu hupatikana siku nyingine, siku nyingine haipatikani. Mwanawe huuliza kila asubuhi kama baba amepiga. Shuleni amesema mara nyingi baba yangu ni mwanajeshi, yuko mbali, na watoto wamekuwa wakimwambia aonyeshe picha.

Ndipo nilipoona kwamba watoto wale wawili walipigania kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa na mwanamume asiyeonekana, na alitaka mtu amwamini kwamba yupo.

Sitakwambia kwamba sasa ni marafiki. Mwalimu anasema hawapigani, wanakaa mbalimbali. Kwa sasa inatosha.

Kwa nini nimekuandikia haya

Mkoa wetu wa Mara umetoa wanajeshi wengi tangu enzi za KAR. Jenerali David Musuguri wa Butiama, aliyeingia KAR mwaka 1942, akafika Madagascar wakati wa vita vile, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, ni mmoja tu anayejulikana. Nyuma yake wapo maelfu wasiojulikana. Wengi walirudi mwaka 1945 na 1946 wakiwa na kiinua mgongo kidogo kuliko alicholipwa Mzungu wa cheo kilekile, wakaendelea na ng'ombe na mashamba yao. Si ajabu watoto wetu wanaota magwanda. Siwezi kusema ni ndoto mbaya, na wa kwangu bado anataka kuwa mwanajeshi.

Ninachoomba ni tuangalie tunawafundisha nini tunapotamka neno ushujaa. Huku Tarime na Serengeti kijana anaambiwa asilie wakati wa tohara, asikimbie, asikubali kudharauliwa. Sehemu ya mafunzo hayo imetusaidia. Sehemu nyingine imetuzika: tunakumbuka mapigano ya koo, wizi wa mifugo, na misiba ya vijana ambao hawakujua kurudi nyuma. Mtoto akisikia kwamba shujaa ni aliyeumiza wengi, ataokota jiwe.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nakushirikisha mambo manne niliyotoka nayo.

Kwanza, uliza kabla ya kusimulia. Kama nyumbani kuna nishani, picha ya zamani, koti au barua, tafuta mzee aliyebaki umwulize wiki hii, usingoje likizo ya Desemba. Baba mdogo ana miaka sabini na zaidi. Kama ningechelewa, yale matope na ile meli vingezikwa naye, na uwongo wa arobaini ungebaki kuwa ndiyo historia yetu. Chukua simu yako umrekodi akikubali.

Pili, ukigundua ulikosea, mwambie mtoto. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mtoto wangu hakunidharau nilipomwomba msamaha. Siku ya pili yake alifanya vilevile mlangoni kwa watu, na nadhani aliiga.

Tatu, mtaje shujaa aliyeokoa, siyo aliyeua tu. Mwambie kuhusu Chitete na Diagne. Lakini pia mwonyeshe wa karibu: binti aliyekimbia usiku kwenda nyumba salama kukwepa kukeketwa, na mama aliyemfungulia mlango ingawa ukoo ulimtenga. Hao nishani hawana, lakini mtoto anaweza kuwaona kwa macho yake.

Nne, kumbuka nyumba ya mwanajeshi aliye mbali. Wapo kwenye mtaa wako. Mtoto wa nyumba ile haombi pesa. Mwulize habari za baba yake, umsikilize akijibu. Na kama mwenye nyumba amerudi, akawa hataki kupanda mtumbwi, au anaamka usiku, au anakaa kimya mezani, usimcheke wala usiruhusu watoto wamcheke. Akikaa hivyo muda mrefu, mshawishi azungumze na mganga wa hospitali au na wenzake waliopitia hayo. Babu yangu alizunguka siku mbili kwa barabara, na hatukuwahi kumwuliza kwa nini.

Kopo la majani ya chai limerudi juu ya kabati. Jana nilipolishusha kulifuta vumbi nilikuta karatasi ya daftari imekunjwa ndani, mwandiko wa darasa la tano, penseli imekandamizwa sana:

“Nyota hii walipewa wote waliokwenda Burma. Babu alikwenda. Alitandika magogo. Alibeba wagonjwa. Alirudi nyumbani.”

Chini yake kulikuwa na mstari uliofutwa kwa kifutio, lakini bado unasomeka ukiuelekeza kwenye mwanga: “Aliogopa maji.”

Nimemwambia auandike tena. Auandike kwa kalamu ya wino.

Tukutane wiki ijayo, na ile mada ya sare za shule.